Paka wako kwenye maua hakai vizuri kwenye picha? Soma hapa kabla hujamfuta

Nianze na kitu kilichonichukua mda mrefu sana kukubali. Ukichora paka amejilaza katikati ya maua af picha ikagoma, jicho lako linaenda moja kwa moja kwa paka, unamrekebisha sikio, unamrekebisha pua, unaongeza manyoya, unapunguza manyoya, mpaka rangi inakuwa nene kama plasta ya ukuta na paka mwenyewe kashageuka dubu. Na mara nyingi paka hakuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa kwenye maua yaliyomzunguka. Kwa iyo siku hizi kabla sijamgusa mnyama nawahoji kwanza majirani zake, na ndo hivo ntakavyoenda humu pia.

Naongelea picha zile ambazo mnyama anafanana na mnyama kweli ila zina kaucheshi ndani, mbwa kakaa kati ya alizeti anajiona bosi, kitoto cha paka na petali imemwangukia kichwani hana habari. Rangi yoyote sawa tu, mafuta, akriliki, rangi za maji, pale zinapotofautiana ntasema.

Kwanza vipimo, maana huwezi kumpa mtu dawa hujampima

Piga picha kazi yako kwa simu af igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Hiki kipimo peke yake kinamaliza nusu ya kesi. Kama paka wa rangi ya chungwa na maua mekundu na majani ya kijani vyote vimekuwa kijivu kimoja kimoja, basi ujue umetegemea rangi ikubebee kazi ambayo ni ya mwanga na giza, na ndo mana ukisogea mbali mnyama anapotea. Kipimo cha pili geuza picha juu chini, au itazame kwenye kioo, makosa ya umbo yanajitokeza palepale kwa sababu ubongo unakuwa haujaizoea tena. Cha tatu rudi nyuma hatua nne tano, finya macho. Ukifinya macho vitu vidogo vinafutika unabaki na mabonge makubwa tu, na mabonge yakiwa mabaya hakuna unywele utakaoyaokoa.

Fanya hivi vitatu kabla ya kushika brashi. Mi nilikuwa nashika brashi kwanza.

"Mnyama anaonekana kama stika imebandikwa juu ya maua"

Hii ndo malalamiko namba moja, na ina sababu kama nne au tano ambazo hupenda kuja kwa pamoja.

Sababu kubwa kuliko zote ni kwamba paka na maua hawajawahi kukutana. Paka ulimpiga picha ndani kwenye kochi, taa ya balbu juu, maua ukayatoa kwenye picha nyingine ya mchana wa jua kali, ukawaunganisha. Sasa mwanga wa paka unatoka kulia na una unjano, vivuli vyake laini, wakati maua yana mwanga wa kushoto na vivuli vikali vyenye ubluu kwa sababu nje kivulini kinachomulika ni anga. Mtazamaji hajui kuelezea lakini anahisi kuna uongo. Angalia mboni za paka uone, ndo shahidi mzuri kuliko wote: kwenye jua kali mboni ya paka inakuwa ufa mwembamba uliosimama, ndani kwenye mwanga hafifu inafunguka inakuwa duara kubwa. Ukichora bustani ya saa sita mchana na paka ana mboni kama vifungo vya koti, ushajiumbua. Mbwa hana hilo tatizo sana mana mboni yake ni duara siku zote, inakua au kupungua tu.

Dawa yake amua mwanga mmoja. Chora mshale mdogo pembeni ya karatasi, mwanga unatoka huku, basi, halafu kila ua na kila sikio litii. Kama huna picha nyingine ya paka, ni rahisi zaidi kubadilisha maua yamfuate paka kuliko paka ayafuate maua, kwa sababu ua likiwa na kivuli upande mwingine hakuna atakayelalamika ila uso wa paka ukiuhamishia kivuli bila kuona utamvunja.

Sababu ya pili ni kingo. Ukimzungushia mnyama mzima mstari mkali mmoja kuanzia sikio hadi mkia, umemkata kwa mkasi. Manyoya hayana ukingo mkali popote labda kwenye pua na macho. Chagua sehemu mbili tatu ziwe kali, kawaida upande wa uso unaopigwa na mwanga, kwingine lainisha, na kuna sehemu ziache zipotee kabisa, mfano tumbo lenye kivuli likutane na majani yenye kivuli bila mtu kujua wapi moja limeishia. Bruno Liljefors wa Uswidi (1860–1939) alikuwa fundi wa mambo haya, wanyama wake wako ndani ya nyasi kweli kweli, kuna mahali unatafuta mpaka wa mwili wa mnyama huuoni na bado mnyama yupo. Kwenye rangi za mafuta unalainisha kwa brashi kavu wakati rangi bado mbichi. Akriliki inakauka haraka, kwa iyo ama uipulizie maji kidogo kidogo, ama uchanganye rangi ya katikati uiweke kwenye mpaka.

Tatu, hakuna kinachomfunika. Watu wanachora maua nyuma ya mbwa tu, kama pazia la studio. Weka angalau bua moja mbele ya kifua, jani likate mguu, ua moja lililo karibu sana na wewe ulichore kwa ukungu ukungu kwenye kona ya chini. Uchungu najua, umekaa siku nzima unachora huo mguu mzuri af unaambiwa uufiche. Ufiche.

Nne, kivuli cha pale anapogusa chini. Mnyama ana uzito. Chini ya tumbo na kati ya vidole vya miguu kuna giza jembamba ila zito kuliko vivuli vyote, na mabua yaliyo chini yake yamepinda au yamelala. Bila hilo anaelea. Na ya tano ambayo wengi wanaisahau, rangi inaruka. Paka mweupe kwenye nyasi ana kidevu na tumbo lenye kijani hafifu, akiwa karibu na maua ya njano shavu linachukua njano. Kidogo tu. Ukichukua ile ile rangi iliyopo kwenye brashi ya maua ukaigusisha kwenye kivuli cha mnyama, na ukachukua rangi ya manyoya ukaigusisha kwenye maua mawili matatu, picha inaanza kushikana yenyewe.

"Macho yamekufa"

Au yanatisha, ambayo ni kesi hiyo hiyo upande wa pili.

Macho kufa karibu siku zote ni kimeta. Ile nukta ya mwanga. Ama hukuiweka, ama umeiweka katikati kabisa ya mboni, ama umeweka nyeupe kavu kutoka kwenye tyubu, duara kamili, kama shanga. Kimeta ni picha ndogo ya kile kinachomulika, kwa nje ni anga, kwa iyo kina ububluu kidogo, na kinakaa juu, nusu kwenye mboni nusu kwenye sehemu yenye rangi, tena macho yote mawili upande uleule. Ukiweka kushoto kwa jicho hili na kulia kwa jicho lile unampa makengeza hata kama mboni umezipatia.

Alafu kuna jambo la kinyume kidogo. Mwanga ukiingia kwenye jicho upande wa juu kushoto, sehemu inayong'aa ndani ya ile duara ya rangi ni upande wa chini kulia, mwanga umepita ndani na kuangukia ng'ambo. Kwa iyo juu iwe na giza, mana kope inatupa kivuli pale, chini iwake. Ukifanya hili tu jicho linakuwa mviringo lenye maji, halihitaji tena kazi nyingi. Na zungushia ule ukingo mweusi wa kope, paka wengi na mbwa wengi wanao kama wamepaka wanja, ila usiufanye wa unene mmoja kote.

Macho ya kutisha mara nyingi yanatokana na weupe kuonekana pande zote. Mbwa ametulia haonyeshi weupe mwingi, unauona kwenye kona tu basi. Ukimzungushia weupe kote anakuwa kama binadamu aliyeona jini. Sababu nyingine ni kunakili picha ya flashi, nyuma ya jicho la paka na mbwa kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndo linawaka kijani au njano kama taa ya gari, picha kama hiyo itupe, usijaribu hata kuikarabati. Na kitoto cha paka usikipe macho ya njano, wanazaliwa na macho ya bluu na yanaanza kubadilika kama wiki ya 6 au 7 hivi, nimeshaona picha nzuri sana ya kitoto kidogo chenye macho ya paka mzee na mtu anajiuliza kwa nini kinaonekana kina hasira.

"Ni mbwa, ila sio mbwa wangu"

Hapa ndo kamera ya simu inaponyoosheana vidole na wewe. Ukimpiga mbwa picha ukiwa umbali wa mkono, pua inakuwa kubwa kama kiazi na masikio yanakimbilia nyuma. Kwenye picha unaona inachekesha na unaizoea, ukiichora inakuwa kosa lako. Rudi nyuma mita mbili, zumu kidogo. Na shuka chini, magoti, hata lala tumbo, kamera iwe usawa wa macho yake. Picha iliyopigwa kutoka urefu wa mtu inampa kichwa kikubwa na miguu ya kuku, alafu maua yote unayaona kwa juu kama zulia, wakati uzuri wote wa hizi picha ni kuwa humo ndani ya maua naye.

Kama picha ni nzuri na bado sio yeye, pima nafasi kati ya macho. Kwa paka wengi katikati ya macho mawili linaingia jicho la tatu, takribani. Watoto wa paka na mbwa wana macho yaliyo chini zaidi kichwani na paji kubwa, ukiyapandisha wanazeeka hapohapo. Mtu mmoja aliniagiza nimchoree mbwa wake, nikahangaika naye wiki mbili, kila kitu kiko sawa na mwenyewe anasema "mmh, kuna kitu". Kumbe sikio moja la yule mbwa linakunjika kidogo kwa ndani na mi nilidhani ni upepo siku ya picha nikalinyoosha. Kwa iyo omba picha nyingi, na uliza mwenye mnyama, ana nini ambacho wengine hawana.

Kuhusu mkao, picha moja haitoshi. Henriëtte Ronner-Knip, yule mchoraji wa paka wa karne ya 19, alitengenezewa kabati lenye kioo paka wakachezea humo huku yeye anawachora, na ukitazama paka zake unaona mtu aliyewatazama saa nyingi. We huna haja ya kabati. Kaa na mnyama wako na penseli, chora vimichoro vya sekunde 30, ishirini hivi, vibaya tu, mkono utajifunza uzito wake uko wapi.

"Mweusi wangu anaonekana kama shimo" na "mweupe wangu kama chaki"

Mwaka 1839 mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kuhusu rangi zinavyoathiriana. Alikuwa mkuu wa idara ya utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kule Paris, na watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, hazina weusi. Akazipima nyuzi, nyuzi hazina kosa. Kosa lilikuwa ni rangi za bluu na zambarau zilizofumwa kando yake, ndo zilikuwa zinaubadilisha weusi machoni. Mi nikiisoma hiyo habari nacheka mana ni paka wangu kabisa, mweusi, nilimweka kwenye maua ya zambarau, nikamwongezea weusi mara nne na kila mara anazidi kuwa mchafu. Nikabadilisha maua yaliyomgusa yakawa na njano na kijani cha mzeituni, paka akawa mweusi bila kumgusa.

Hivo ukiona mweusi amekufa: kwanza majirani. Pili, usitumie nyeusi ya tyubu mwili mzima. Changanya ultramarini na ile kahawia nzito ya amba iliyochomwa, unapata weusi ulio hai, ukizidisha bluu unakuwa wa baridi, ukizidisha amba unakuwa wa joto. Mgongo unaotazama anga upewe ububluu, ubavu unaopigwa na jua upewe ukahawia, maana paka weusi wengi juani wanatoa rangi ya kahawia kweli. Weusi mzito kabisa ubaki sehemu tatu nne ndogo, mboni, pua, ndani ya sikio.

Mweupe ni kinyume. Chaki inatokea pale nyeupe ya titani imeingia kila mahali. Paka mweupe kwenye picha karibu robo tatu yake sio nyeupe, ni kijivu cha zambarau, kijani hafifu, krimu, nyeupe tupu ni pale jua linapopiga tu. Na badala ya kuongeza nyeupe pale unapotaka mwanga, jaribu njano ya udongo kidogo ndani ya nyeupe, titani peke yake inapoza kila inachogusa. Kwa wale wa rangi za maji hamna nyeupe ya kuongeza, karatasi ndo nyeupe, kwa iyo chora maua na majani ya giza nyuma yake na umwache paka awe karatasi. Tena hapo ndo utaona ninachosema, paka mweupe wa rangi za maji anachorwa na maua.

Manyoya kama fagio

Ulianza na unywele mmoja mmoja. Unaanza na mabonge: eneo la giza, eneo la kati, eneo la mwanga, bila unywele hata mmoja. Likikaa vizuri hilo ndo unaingia na brashi ya bapa iliyopasuliwa ncha, unafuata mwelekeo. Manyoya ya usoni yanaanzia puani yanapanda paji na kutawanyika mashavuni, mafupi sana karibu na pua, marefu shingoni. Wengi wanatumia urefu mmoja kote ndo mana mnyama anaonekana kavaa koti. Unywele mmoja mmoja mwishoni, kwenye ukingo wa mwanga na pale manyoya yanapokutana na ua, labda ishirini thelathini, inatosha. Jicho la mtazamaji litajazia yaliyobaki, liachie kazi.

"Maua yanapiga kelele kuliko mnyama"

Yatapiga tu, yameumbwa kwa kazi hiyo. Tatizo ni ukiyapa yote sauti sawa. Chagua maua matatu manne karibu na uso yawe na rangi kamili na kingo kali, mengine yote yashushe. Kushusha rangi sio kuongeza nyeupe wala nyeusi, ongeza kidogo rangi inayokabiliana nayo, nyekundu inatulizwa na kijani, njano na zambarau, chungwa na bluu. Kadri ua linavyokuwa mbali lipoteze petali, libaki doa.

Kijani cha plastiki ni ugonjwa mwingine wa hapohapo. Kijani cha tyubu, hasa kile kinachoitwa thalo, ni kikali mno kwa majani. Ukiwa umeshakipaka, kitulize kwa tone la nyekundu. Ukiwa hujapaka, changanya mwenyewe, ultramarini na njano ya udongo, au hata nyeusi na njano, inatoka kijani cha mzeituni kizuri sana ambacho watu hawaamini kimetoka kwenye nyeusi.

Maua yakionekana kama sahani zimetundikwa ni kwa sababu yote yanakutazama wewe. Ua la duara likigeuka pembeni linakuwa yai, likigeuka zaidi linakuwa mstari na unaona mgongo wake na kikonyo. Geuza nusu yake. Isipokuwa alizeti, hizo ukichora shamba lake zilizokomaa huwa zinatazama mashariki zote kwa pamoja, ukizigeuza geuza kila upande ndo unaharibu. Na ukubwa nao, uso wa paka upana wake hauzidi sana sentimita 10, waridi lililofunguka vizuri linaukaribia, alizeti inaupita. Ukichora deizi ndogo ya porini kubwa kama uso wa paka umemfanya paka awe panya.

Kuna dalili moja inayochelewa, pinki inapotea. Picha ilikuwa nzuri, imetundikwa dirishani, baada ya miaka maua yamepauka. Hilo sio kosa la mkono, ni rangi. Vincent van Gogh mwaka 1890 alichora mawaridi ya pinki, leo yanaonekana karibu meupe kwa sababu nyekundu aliyotumia haikuhimili mwanga. Soma nyuma ya tyubu, ukiona namba ya rangi PR83, ile alizarini ya zamani, iache, tafuta PV19. Zile pinki zinazowaka kama kalamu ya kupigia mstari nazo hazidumu, tumia kwa vitu vya kuskani tu.

Tope

Fupi tu, rangi zikiwa chafu kama tope: umechanganya rangi zaidi ya tatu, au maji ya kuoshea brashi ni supu, au kwenye mafuta umesugua juu ya rangi mbichi mara ya kumi. Kwangua kwa kisu, acha ikauke, rudi kesho. Akriliki ikikauka inazidi giza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, za maji zinapauka, kwa iyo kabla hujasema rangi imekosewa subiri ikauke kwanza. Na kwenye mafuta tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ukigeuza litapasuka.

"Imekaa vizuri ila haichekeshi"

Hapa umemchekesha mnyama mwenyewe. Umempa tabasamu la binadamu, nyusi, miwani, kofia. Mnyama akijua kuna utani, utani umeisha. Paka anachekesha akiwa na heshima zake zote, anatazama mbali kama jaji, na petali imekaa juu ya pua. Mbwa anachekesha akiwa na chavua puani na uso wa mtu asiyefanya kitu, huku nyuma yake kuna njia iliyolala ya mabua yaliyovunjika. Utani umo kwenye maua, umeona, sio kwake. Weka mmoja tu kwa picha. Kipepeo na nyuki na petali na ulimi nje vyote pamoja ni kelele. Na uweke karibu na uso lakini usiwe na rangi kali kuliko macho, ili mtu aone macho kwanza, af sekunde moja baadae aone petali.

Kuna "kosa" moja ambalo sio la brashi. Usimlaze paka kwenye maua ya lili, yale makubwa ya tarumbeta yenye chavua nyingi. Kwa paka ni sumu kali ya figo, petali, majani, chavua inayomshika kwenye manyoya akaja kujilamba, hata maji ya chombo chake. Wanaofuga paka wanalijua hilo na badala ya kucheka watashtuka, na usithubutu kabisa kumweka paka wa kweli karibu nayo ili upate picha ya kunakili. Chora waridi, chora alizeti.

Masharubu hayaonekani

Ulichora masharubu meupe mbele ya maua meupe. Ndo yaleyale. Tia giza jani lililo nyuma ya shavu yatatokea. Yachore mwisho kabisa picha ikishakauka, rangi nyepesi kama wino, brashi ndefu nyembamba, kutoka kwenye ngozi kwenda nje kwa mkupuo mmoja, bega ndo linasogea sio vidole, na usirudie. Ni kama 12 kila upande kwa safu nne, ila ukichora saba yanayoonekana vizuri hakuna atakayehesabu. Kama mkono unatetemeka, fanya mazoezi kwenye karatasi mara hamsini, sitanii.

Na ukikuta unywele wa kweli umenasa kwenye rangi, na utaukuta, kwenye akriliki utoe haraka kwa kibanio kabla haijashika. Kwenye mafuta usiuguse. Subiri ikauke kabisa, utautoa kwa kucha bila kuacha mfereji. Wangu mmoja niliuacha, uko kwenye mkia, tena umeelekea upande sahihi.